Mto Uliotoka Kilimani

Mafundi wa mabomba ya majitaka wamechimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Garissa. Hawakwenda chini sana kabla ya kukutana na maji, maana mto uko karibu, na ardhi ya mtaa huu huloana upesi. Wakaleta pampu, wakaiwasha asubuhi nikiwa jikoni nachemsha chai. Harufu ya dizeli ikaingia dirishani, ikiwa imechanganyika na harufu ya mawe mabichi, yale mawe ya chini ambayo hayajawahi kuona jua. Nilizima jiko nikaketi sakafuni. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu.

"Umekumbuka nini, hooyo?"

Sikujua nianzie wapi.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu mnajua jinsi kisima kilivyokuwa. Hakikuwa tu mahali pa kuteka maji. Mtu alipoulizwa kwao ni wapi, alitaja kisima. Sisi tuliishi upande wa Hadado, chini ya kilima kirefu cha mawe meupe kilichokaa peke yake katika ile nchi tambarare kama ngamia aliyelala. Miguuni mwa kilima ilipita laga, mto wa mchanga ambao huwa na maji juu wakati wa mvua tu. Lakini penye kona, chini ya migunga minene, palikuwa na chemchemi ndogo iliyotoka kwenye mwamba, ikatengeneza dimbwi la kijani lenye vyura na majani marefu. Dimbwi lile halikukauka hata katika kiangazi kile kilichoua punda. Kando yake ndipo vilipokuwa visima vya watu wetu, na kimoja kilichimbwa na babu yangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Babu simkumbuki. Ninayemkumbuka ni ayeyo, nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Mbuzi wake aliwajua kwa mama zao na nyanya zao, na mbuzi akipotea alimtaja kwa ukoo mzima kama mtu. Watoto wake waliobaki hai walikuwa wawili. Mkubwa ni baba yangu, ambaye sisi tulimwita aabe. Alisoma mpaka darasa la nane, akajua Kiswahili, akafanya kazi kama utingo wa malori kabla ya kurudi nyumbani. Mdogo ni Yussuf, adeer yangu. Yeye hakwenda shule. Alikaa na mifugo ya mama yake, mswaki mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni, na aliponiona natoka shuleni alinibeba mabegani hata nilipokuwa mkubwa kiasi cha kumwonea haya.

Wakati wa kunywesha, Yussuf ndiye aliyeingia kisimani. Aliteremka kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, akijishikilia kwa kamba, akasimama chini kabisa maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akajaza ndoo na kuirusha juu kwa mtu wa pili, naye kwa wa tatu, mpaka ikamwagwa kwenye hori la udongo ambako mbuzi walikuwa wakisukumana. Nilipenda kulala kifudifudi ukingoni na kutazama chini. Upepo wa baridi ulipanda usoni, wenye harufu ya chumvi kidogo na mizizi. Yussuf alijua nipo. "Ubah," angeniita kutoka kule chini, "leo maji yanakusalimia." Nami niliitikia salamu ya maji, kwa sababu sikuona ajabu kwamba maji yangenisalimia.

Kisha ukaja mradi.

Watu wa senta yetu, pale penye maduka, walikuwa na shida ya kweli, hilo lazima niliseme. Walinunua maji ya kuletwa na bauza, lori la tangi, na bauza ilipoharibika wanawake walikaa na madumu ya njano tangu alfajiri wakimsubiri mtu wa mkokoteni wa punda. Upande wa pili wa kilima, mbali na sisi, kilichimbwa kisima kirefu cha mashine kilichotoa maji mengi. Ikabaki kuyafikisha senta. Kilima kilikuwa njiani. Kuzunguka ilikuwa mbali, kupandisha bomba juu kulihitaji mashine kubwa kila siku. Kwa hiyo ikaamuliwa bomba lipite chini, katika handaki litakalotobolewa kutoka ng'ambo mpaka upande wetu.

Injinia aliyekuja kusimamia kazi aliitwa Kilonzo. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, mpole wa maneno, na shati lake lilikuwa na chumvi ya jasho mgongoni sawasawa na ya vibarua wake. Aabe aliandikwa kazi kwa kuwa alijua Kiswahili na alijua injini. Wakampa pampu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji yakiingia ndani ya handaki yanatolewa, ili wachimbaji wasifanye kazi wakiwa wamelowa magoti. Ayeyo aliposikia mwanawe amepata kazi ya maji, aliinua mikono akamwombea. Kwake hapakuwa na kazi bora zaidi.

Mimi neno handaki sikulijua. Nilimsikia aabe akimwambia hooyo, mama yangu, jioni: leo handaki limekula baruti nyingi, leo handaki limetutapikia maji. Nikaamini ni mnyama. Nilimfikiria akiwa na mdomo mkubwa usio na meno, anaishi upande wa pili wa kilima, na aabe ndiye mchungaji wake. Mlio wa baruti ulipotufikia, mzito, kana kwamba kuna mtu anadondosha magunia chini ya ardhi, niliwaambia wenzangu darasani kwamba yule ni mnyama wa aabe anakohoa.

Shule zilipofungwa nilimwomba aabe anipeleke nikamwone. Alicheka, akanikalisha mbele yake kwenye pikipiki ya rafiki yake, tukazunguka kilima. Mnyama hakuwepo. Palikuwa na mdomo tu, mweusi, ukiteremka ndani ya mwamba, umeshikiliwa na nguzo za mbao, na upepo wa baridi uliotoka humo ulinipiga usoni nikaufahamu mara moja. Ulikuwa na ile chumvi kidogo na ile mizizi. Niliufahamu, lakini sikujiuliza kwa nini.

Kilichonishangaza ni kilichokuwa nje. Bomba nene lilitoka ndani ya ule mdomo, na kutoka kwenye bomba yakamwagika maji. Maji mengi, meupe kidogo kama yaliyooshewa mchele, yakateremka bondeni yakafanya mto. Mto wa kweli! Upana wake sikuweza kuuruka. Majani yalikuwa yameanza kuota kando. Watoto nisiowajua walikuwa wakioga uchi, wanawake wanafua, mbuzi wa watu wa upande ule wanakunywa bila mtu kuchota. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kupanda mahindi.

"Aabe, kilima kimezaa mto," nikamwambia.

"Kimezaa," alinijibu, akitabasamu. Na mimi naamini wakati ule alikuwa anafurahi kama mimi. Alisimama kando ya pampu yake, mkono juu ya chuma kilichokuwa kikitetemeka, kofia ngumu ya njano kichwani, akitazama maji aliyoyatoa yakienda kunywesha watu. Nilimwonea fahari sana.

Niliporudi nyumbani nilikimbia moja kwa moja kwa ayeyo kumpa habari. Nilimwambia kuna mto, na aabe ndiye anayeutoa. Alisema alhamdulillahi, akaniuliza kama una samaki, nikamwambia bado. Yussuf alikuwa amekaa karibu akishona ndoo ya ngozi. Aliangalia kamba yake. Baadaye nilijua kwamba siku ile ile alikuwa ameiunga kamba kipande kingine, kwa sababu maji ya kisima yalikuwa yameshuka.

Mwanzoni wote walisema ni kiangazi. Kisha vyura wakanyamaza. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mengine, kwa kuwa sikuwahi kulala bila vyura. Nilienda kuangalia nikakuta dimbwi limekuwa tope lenye nyufa, na pale kwenye mwamba, chemchemi ilipokuwa ikitokea, palikuwa na alama ya kahawia tu, kama machozi yaliyokauka usoni. Majani marefu yakawa njano. Mbuzi walilamba mwamba. Katika visima, Yussuf na wenzake walianza kusubiri. Unachota ndoo tatu nne, unangoja maji yakusanyike, unachota tena yakiwa mazito na mekundu. Mifugo ililia mchana kutwa. Mtu aliyekulia mahali pa mifugo anaijua ile sauti ya mbuzi mwenye kiu, jinsi inavyokuwa nyembamba siku baada ya siku.

Wazee wakaenda kumwita injinia. Akaja bila kusita, akateremka mwenyewe kwenye kisima chetu, akatoka na udongo mkononi, akaufinya, hakutoka maji. Tukaketi chini ya migunga, wanaume mbele, wanawake nyuma yao, watoto popote. Kilonzo akazungumza Kiswahili na aabe akatafsiri kwa Kisomali. Nilikuwa nasikia pande zote mbili, na nilijivuna kwa hilo.

"Kilima hiki si jiwe moja," alisema Kilonzo. "Kina nyufa ndani. Maji ya mvua za miaka mingi yamekaa kwenye nyufa, yanatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi yenu na kwenye mchanga wa laga. Ndiyo yanayojaza visima."

Aabe akatafsiri. Wazee wakaitikia. Hilo walilijua.

"Sisi tumetoboa chini zaidi ya mahali yanapotokea. Maji hufuata pa chini. Yanaingia kwetu kabla hayajafika kwenu."

Aabe akatafsiri, sauti ikiwa imepungua.

"Yale maji yanayomwagika kule ng'ambo," alisema Kilonzo, "ni haya haya ya hapa."

Aabe akanyamaza. Wazee wakamtazama. Nilidhani hakuelewa, nikataka kumsaidia, nikafungua mdomo, hooyo akanifinya paja.

"Sema," ayeyo alimwambia kutoka nyuma. "Amesema nini?"

Aabe aligeuka akamtazama mama yake. "Amesema maji ninayoyatoa mimi ni ya kisima chako."

Mimi niliyekuwa nimeuona ule mto, niliyekimbia kuja kuutangaza, nilikaa pale nikijaribu kuelewa namna mto mmoja unavyoweza kuwa mahali pawili. Nilifikiri injinia amekosea. Mto ule ulikuwa mpya, nilikuwa nimeuona ukizaliwa.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakungoja mkalimani. "Zima hiyo bambu," akasema.

"Nikizima, handaki litajaa," Kilonzo akajibu. "Kazi yote itasimama. Sina ruhusa, mzee wangu. Nimewapigia simu wakubwa. Nimewaambia tuzibe zile nyufa kwa saruji kwanza, tuisukume ndani ya mwamba kwa nguvu, maji yabaki mahali pake, ndipo tuendelee kuchimba. Inawezekana. Nangoja wakubali."

"Zima unapongoja."

"Sina ruhusa."

Ayeyo akasimama. Hakujua Kiswahili, lakini alikuwa amemtazama usoni muda wote. Akamwambia aabe, "Mwombe kwa ajili yangu. Mwambie ni mama yako anayeomba. Siku chache tu, mifugo inywe." Aabe akamwomba. Nilisikia jinsi alivyomwomba, kwa Kiswahili kilichokuwa kinakwama, mtu ambaye kwa kawaida alisema kwa urahisi. Kilonzo aliangalia viatu vyake. Akasema tena kwamba atapiga simu.

Msiniulize kwa nini aabe hakuacha kazi siku ile. Nilimuuliza nilipokuwa mtu mzima. Alisema alidhani akikaa pale kwenye pampu atakuwa wa kwanza kusikia ruhusa ikifika, na ataizima kwa mkono wake mwenyewe. Alisema pia kwamba akitoka, wataweka mwingine asiyejua kuna nani upande wa pili. Akaendelea kwenda kila asubuhi. Ayeyo hakumkataza wala hakumuaga. Jioni aabe alimletea dumu la maji kutoka ule mto wa ng'ambo, na ayeyo aliwanywesha wana-mbuzi lakini yeye mwenyewe hakuyaonja. Wenye ngamia walihama. Waliokuwa na mbuzi wadhaifu kama sisi hawakuwa na mahali pa kwenda kwa miguu ile.

Ndipo Yussuf akasema atayafuata maji yalikokwenda. Kama yameshuka, naye atashuka.

Alichimba kwa siku kadhaa, asubuhi na alasiri. Nilikuwa sasa nakatazwa kulala ukingoni, nikakaa mbali kidogo nikiwashikilia wana-mbuzi. Ndoo ilipanda na udongo badala ya maji. Nilimsikia akiongea na mtu aliyekuwa juu, sauti yake imekuwa ndogo, inatoka mbali. Ukuta wa kisima, ambao maisha yangu yote ulikuwa umeloana na kung'aa, ulikuwa umepauka na kupasuka kama kisigino. Babu alipokichimba kisima, alikichimba katika udongo uliojaa maji. Hakuna aliyejua udongo ule utafanya nini ukikauka.

Ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Sikusikia kishindo. Nilichokiona ni vumbi. Lilipanda kutoka kisimani kama moshi wa jiko, taratibu, likasimama juu ya mdomo wa kisima, na yule kijana wa juu akawa ameshika kamba mikononi iliyokaza kabisa, anaivuta na haiji. Kisha akaanza kupiga kelele.

Mtu akakimbia kwa bodaboda kuzunguka kilima. Ayeyo alipiga magoti akachimba kwa mikono, wakamvuta, akarudi, wakamvuta tena. Lori la mradi lilifika likiwa na watu wote wa handaki, wote bila kubaki hata mmoja, na mbao, na kamba, na majembe, na zile kofia za njano. Watu wa Kitui na Meru na Wajir wakaingia mmoja mmoja kwa zamu kwenye kile kisima, wakiweka mbao ukutani kila walipoteremka, wakipitisha karai za udongo kutoka mkono mpaka mkono. Kilonzo alikuwa ndani pamoja nao. Aabe alikataa kutoka kwa zamu. Walimwacha.

Walimfikia Yussuf alasiri. Walipomlaza juu ya mkeka aabe alivua kilemba chake, akakilowesha kwa mate kwa sababu hapakuwa na maji, akamfuta mdogo wake mchanga machoni na mdomoni, polepole, kwa namna ambayo hooyo alitufuta sisi tulipoamka na tongo. Maji ya kumwosha maiti yalitoka kwenye tangi la lori. Tulimzika kabla ya magharibi.

Siku zilizofuata zilikuwa za watu kuja na kukaa. Wanaume walisoma Kurani, wanawake walikaa na ayeyo. Kilonzo alikuja kila siku, akavua viatu, akaketi mwisho wa mkeka, na hakuna aliyemwambia aondoke. Hakuna aliyekwenda kuwasha pampu. Sidhani kama mtu aliamua hivyo. Waliizima walipokimbilia kisimani, na hakuna mguu uliotaka kurudi kule.

Asubuhi moja mama Halima, jirani yetu, alikwenda kwenye kisima chao kilichokuwa karibu na chetu, kwa mazoea tu nadhani. Akarudi akikimbia, ndoo inamwagika kwenye gauni lake. Akaiweka katikati ya wanawake. Ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa safi. Wanawake wote wakayatazama, na hakuna aliyeyagusa.

Mimi nilielewa mara moja. Hivyo ndivyo nilivyojiona, kwamba nimeelewa kabla ya watu wazima. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya ayeyo, nikamshika mikono, nikamwambia kwa furaha, "Ayeyo, adeer ameyapata. Alisema atayafuata, ameyapata, ametuletea."

Ayeyo alijifunika uso kwa mtandio wake. Hakulia kwa sauti tangu Yussuf afe, lakini hapo alilia, na mabega yake yalitikisika mpaka nikaogopa. Hooyo akanibeba akanitoa nje. Nilikuwa na hasira. Niliona nimeleta habari njema na kwa mara ya pili imegeuka kuwa mbaya. Ilinichukua miaka kufahamu kile wanawake wale walichokifahamu walipoiona ndoo: kwamba ilitosha kuizima ile mashine. Siku chache tu, kama mama yake alivyoomba.

Pampu haikuwashwa tena mpaka saruji ilipokuja. Aabe aliambiwa kwamba Kilonzo alikataa mbele ya wakubwa wake, akasema wakitaka iwashwe waje waiwashe wenyewe mbele ya wazee. Wakaja mafundi wengine na mashine nyingine, wakaziba nyufa sehemu yote yenye maji, kisha handaki likaendelea mpaka likatokea upande wetu, mdomo mdogo tu wa zege wenye bomba ndani. Senta ikapata mifereji. Ule mto wa ng'ambo ulikauka, na mzee aliyepanda mahindi akayaacha yasimame yakiwa makavu. Yeye naye alikuja kulalamika. Naye pia alikuwa ameambiwa maji yale ni riziki yake.

Visima vyetu vilirudi, lakini havikurudi vyote. Chemchemi ilitoa maji tena baada ya mvua, nyembamba, na dimbwi likawa nusu ya lilivyokuwa. Kisima chetu hakikuchimbwa tena. Ayeyo alikizungushia miba.

Aabe hakurudi kazini. Alishika mifugo ya mdogo wake, kazi ambayo hakuijua, na mbuzi hawakumfahamu sauti. Yeye na mama yake walizungumza mambo ya mifugo na chakula na mvua. Walikaa nyumba moja mwaka mzima wakisema mambo hayo tu.

Kisha siku moja, wakati wa mvua, Kilonzo akaja. Mradi ulikuwa umekwisha zamani, hakuwa na lori wala watu. Alikuja na bodaboda kutoka senta, akiwa na mfuko wa sukari na majani ya chai. Akateremsha kamba yenye uzito katika visima vya jirani, kimoja baada ya kingine, akasikiliza, akapandisha, akatazama ilipolowa. Halafu akaja kwetu kutuamkia. Ayeyo akaagiza atandikiwe mkeka.

Tulikaa wanne. Ayeyo, aabe, injinia na mimi. Hooyo alileta kibuyu cha maziwa ya mbuzi, ayeyo akakipokea, akakiweka kando ya goti lake, hakummiminia mtu. Kisha akaanza kusema kwa Kisomali, polepole, na aliposema hakumgeukia aabe. Alinigeukia mimi.

"Ubah. Muulize hivi. Angeizima mashine siku ile nilipomwomba, mwanangu angekuwa hai?"

Nilimtazama aabe anisaidie. Aabe alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mkekani kwa kidole. Kwa mara ya kwanza sikufurahi kujua lugha mbili. Lakini ayeyo alikuwa anangoja, na mgeni alikuwa amekwisha kuona kwamba ameulizwa jambo, naye anangoja. Nikamuuliza. Niliyasema maneno yote kama yalivyokuwa, kwa kuwa sikujua namna ya kuyapunguza.

Kilonzo hakusema kuhusu wakubwa. Hakusema kuhusu ruhusa, wala saruji, wala mapenzi ya Mungu, ambayo watu wengi walikuwa wamekwisha kumwambia ayeyo. Alivua kofia yake ya kitambaa, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai."

Nikatafsiri.

Ayeyo akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyesikia bei aliyokuwa akiitarajia. Akavuta kibuyu, akafungua kifuniko, akajaza kikombe mpaka juu, akampa kwa mkono wake wa kulia.

"Mwambie anywe," aliniambia. "Nilikuwa nataka mtu mmoja aseme."

Kilonzo akanywa. Ayeyo akakipokea kikombe, akakijaza tena, na safari hii akakinyoosha upande wa aabe. Aabe hakuinua kichwa mara moja. Mkono wa ayeyo ulikuwa umezeeka, maziwa yakamwagika kidogo kwenye mkeka, lakini hakuushusha.

"Na wewe," alimwambia. "Kunywa, mwanangu."